Dijitali au Analojia? Mwongozo wa Kuunganisha Kompyuta na Spika Nyumbani, Ukumbini na Kanisani

Utangulizi



Wapendwa waamini, kompyuta imekwisha kuingia katika utume wa parokia na vigango vyetu vya Rombo, na vya ukanda mzima wa mlima Kilimanjaro. Mafundisho ya Katekisimu huoneshwa ukutani kwa projekta, semina za WAWATA na UWAKA husindikizwa na video, vijana hukusanyika ukumbini kutazama filamu za maisha ya watakatifu, na familia nyingi hufuatilia Misa ya Baba Mtakatifu kutoka Roma kwa njia ya intaneti. Picha kwa kawaida huonekana bila shida kubwa. Sauti ndiyo inayosumbua: hukoroma, huvuma, huchelewa, au husikika muziki tu huku maneno yakipotea.

Hapo ndipo Halmashauri ya Walei inapoketi na kuuliza: tununue vifaa vya kuunganisha kwa dijitali, au tubaki na analojia? Wengi hulijibu swali hili upesi. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, kwanza jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi viliingia majumbani na neno analojia likapata maana ya kitu kilichopitwa na wakati. Hata katika mazungumzo ya mitaani, mtu asiyejua mambo huambiwa kwamba bado yuko analojia. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba waya wa dijitali, na hasa ule wa bei kubwa, lazima utoe sauti bora zaidi.

Katika makala haya tunapenda kuwaonesha wasomaji wetu kwamba jambo haliko hivyo. Ubora wa sauti hutegemea mahali inapogeuzwa, umbali inaosafiri, na kazi inayokusudiwa kufanywa. Kwa Mkristo, suala hili si la anasa. Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani huzaliwa katika kusikia (Rum 10:17). Mwamini aliyekaa benchi la mwisho asiposikia neno lililosemwa, fedha za michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo zitakuwa zimenunua kelele.

Maana ya maneno haya mawili

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti huupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa mfano uleule wa sauti yenyewe. Umeme huo unaofuata umbo la sauti ndio tunaouita analojia. Ukiupeleka katika amplifaya na kisha katika spika, utando wa spika hutikisika na hewa hutikisika tena kama mwanzo.

Dijitali ni njia nyingine ya kuibeba sauti ileile. Kifaa huupima umeme ule mara nyingi sana katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Diski za muziki za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande, kulia na kushoto. Tarakimu hizo zinaweza kuhifadhiwa, kunakiliwa na kusafirishwa bila kuchakaa.

Lakini sikio la mwanadamu halisikii tarakimu. Kabla ya kufika kwenye spika, tarakimu lazima zigeuzwe tena kuwa umeme wa analojia, na kazi hiyo hufanywa na kifaa tutakachokiita kigeuzi. Sauti ya mhubiri huanza ikiwa analojia na humfikia msikilizaji ikiwa analojia, hata kama katikati ya safari imepita katika kompyuta. Kwa hiyo swali la dijitali au analojia ni swali la mahali: kigeuzi kitakachofanya kazi ni kile kilichomo ndani ya kompyuta, au kile kilichomo katika mikisa, amplifaya au spika? Tukilishika jambo hili moja, mengine yote yatafuata kwa urahisi.

Sauti ya mzunguko ni nini?

Katika maduka ya Moshi na hata ya Mkuu, seti za spika zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani huitwa kwa jumla sabufa. Nyingine zina spika mbili ndogo na moja kubwa ya besi, nazo huandikwa 2.1. Nyingine huandikwa 5.1, maana yake ni spika tano za kawaida na moja ya besi: mbili za mbele, kushoto na kulia, moja ya katikati, mbili za nyuma, na sabufa yenyewe. Seti ya 7.1 huongeza mbili za ubavuni. Mpangilio huu huitwa sauti ya mzunguko, kwa sababu humzunguka msikilizaji pande zote. Majumba ya sinema yalianza kutumia mfumo wa Dolby Digital wenye mpangilio wa 5.1 mwaka 1992, na baadaye ukaingia katika filamu za DVD.

Kuna jambo moja ambalo kila anayeandaa filamu ya mafundisho anapaswa kulifahamu. Katika filamu iliyotengenezwa kwa 5.1, maneno ya wasemaji kwa kawaida huwekwa katika spika ya katikati. Muziki huenda mbele kushoto na kulia, na milio ya mazingira huenda nyuma. Ikiwa kompyuta imepangwa kutoa 5.1 lakini spika zilizounganishwa ni mbili tu, au ikiwa waya wa spika ya katikati haukuchomekwa, watazamaji watasikia ngoma na upepo lakini hawatasikia mtu akisema. Wengi hudhani filamu ni mbovu. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, au ya programu inayoonesha filamu, na kuchagua sauti ya spika mbili. Hapo kompyuta itachukua maneno ya katikati na kuyagawa kulia na kushoto.

Njia za analojia

Njia iliyoenea zaidi ni tundu dogo la jeki ya milimita 3.5, lile linalotumika kwa spika za masikioni. Kompyuta za mezani huwa na matundu kadhaa nyuma yake, na rangi zake hazikuwekwa kwa urembo. Zinafuata mwongozo uliotolewa na kampuni za Microsoft na Intel kwa ajili ya kompyuta za mwaka 1999:

– Kijani: spika za mbele, kushoto na kulia. Hili ndilo tundu la matumizi ya kila siku.
– Nyeusi: spika za nyuma.
– Rangi ya chungwa: spika ya katikati pamoja na sabufa.
– Kijivu: spika za ubavuni, kwa seti ya 7.1.
– Waridi: kipaza sauti.
– Bluu: kuingiza sauti kutoka kifaa kingine.

Hivyo, mwenye seti ya 5.1 ya analojia huhitaji nyaya tatu: kijani, nyeusi na ya chungwa. Kila waya mmoja hubeba chaneli mbili. Faida ya njia hii ni kwamba kila sauti inayotoka katika kompyuta, iwe filamu, wimbo au mkutano wa mtandaoni, hupita bila kuhitaji kifaa cha kuifasiri. Tena vifaa vyake ni vya bei nafuu na hupatikana karibu popote.

Hasara zake ni tatu. Kwanza, kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu, nalo hutoa spika mbili, kushoto na kulia. Haziwezi kuendesha 5.1 kwa njia hii bila kadi ya sauti ya nje. Pili, kigeuzi kilichomo ndani ya kompyuta hukaa jirani na feni na mitambo mingine yenye kelele za umeme, na katika kompyuta za bei ya chini kelele hizo husikika kama mchirizo. Tatu, waya mwembamba wa jeki ya 3.5 hudaka mingurumo ya umeme unapokuwa mrefu. Mita mbili au tatu hazina tatizo. Waya wa mita ishirini kutoka meza ya projekta hadi mikisa ni mwaliko wa matatizo.

Kwa umbali mkubwa, analojia ina njia yake bora: nyaya zenye plagi ya pini tatu, aina ya XLR, zilezile zitumikazo kwa vipaza sauti vya kanisani. Waya huu hubeba sauti katika nyuzi mbili zilizo kinyume, na mikisa hupima tofauti kati yake. Kelele iliyodakwa njiani huingia katika nyuzi zote mbili kwa usawa, na hivyo hujifuta yenyewe. Kwa njia hii sauti husafiri makumi ya mita ikiwa safi, na ndiyo sababu mafundi wa kumbi kubwa duniani bado wanaitegemea analojia.

Njia za dijitali

Njia ya kwanza ni S/PDIF, jina linalotokana na kampuni za Sony na Philips zilizoianzisha. Ina sura mbili: waya wa shaba wenye plagi ya RCA, na waya wa mwanga uitwao TOSLINK, uliobuniwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983. Huu wa pili hupitisha mwanga mwekundu katika uzi wa plastiki, haupitishi umeme kabisa, na sifa hiyo ina faida tutakayoieleza baadaye.

Wanunuzi wengi hawaambiwi kwamba S/PDIF ina nafasi ya chaneli mbili tu za sauti isiyobanwa. Sauti ya 5.1 hupita humo ikiwa imebanwa kwa mfumo wa Dolby Digital au DTS, na upande wa pili lazima kuwe na amplifaya inayoweza kuifungua. Kwa hiyo filamu ya DVD yenye Dolby Digital itasikika katika spika zote, lakini wimbo au mchezo wa kompyuta utatoka katika mbili za mbele tu, isipokuwa kompyuta iwe na uwezo wa kubana sauti hiyo papo hapo. Anayenunua waya wa TOSLINK akitarajia spika zake sita zilie muda wote anaweza kupata mbili tu, ilhali nyaya tatu za analojia zingemtosheleza.

Njia ya pili ni HDMI, ambayo maelekezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2002. Hii hubeba picha na sauti pamoja, na inaweza kupitisha chaneli nane zisizobanwa. Kwa mwenye amplifaya ya nyumbani yenye tundu la HDMI, ndiyo njia rahisi na kamili ya sauti ya mzunguko. Ukumbini, hata hivyo, HDMI huleta mkanganyiko wa kawaida: kompyuta ikiunganishwa na projekta kwa waya huo, mara nyingi hupeleka na sauti kwenye projekta. Projekta ina spika ndogo sana au haina kabisa, na ukumbi hubaki kimya. Suluhisho ni kubofya alama ya spika kwenye kompyuta na kuchagua kwamba sauti itoke katika jeki au USB, na projekta ibakiziwe picha peke yake.

Njia ya tatu ni USB. Hapa tarakimu hutoka katika kompyuta na kugeuzwa na kadi ya sauti ya nje, au na mikisa yenye tundu la USB. Kigeuzi kinakuwa nje ya kompyuta, mbali na kelele za ndani, nacho kwa kawaida ni bora kuliko kile cha kompyuta. Kwa parokia yenye mikisa ya namna hiyo, USB ndiyo dijitali inayofaa zaidi. Ikumbukwe tu kwamba waya wa kawaida wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5.

Kuhusu ubora wa nyaya za dijitali, tunaomba waamini wasipoteze fedha. Tarakimu hufika au hazifiki. Waya mzima wa bei ya kawaida hutoa sauti ileile inayotolewa na waya uliopakwa dhahabu. Waya mbovu hujitambulisha wenyewe: sauti hukatika au hutoa milio ya kupasuka.

Neno kuhusu Bluetooth

Bluetooth ni dijitali isiyo na waya, na vijana wetu wanaipenda kwa wepesi wake. Inafaa kwa nyimbo wakati wa kazi za jumuiya au chakula cha sherehe. Kwa filamu na mafundisho ina dosari: sauti hubanwa na huchelewa, hata midomo ya msemaji isiende sambamba na maneno yake. Pia umbali wake ni mdogo, na simu ikiwa ndiyo chombo kinachotoa sauti, mtu akipiga katikati ya kipindi, mlio wake husikika ukumbi mzima. Kwa shughuli rasmi tunashauri waya.

Kuchagua kadiri ya mahali

Nyumbani. Katika sebule, familia hukaa karibu na katikati ya spika, na hapo sauti ya mzunguko hufanya kazi iliyokusudiwa. Mwenye kompyuta ya mezani na seti ya 5.1 yenye matundu matatu atumie nyaya tatu za analojia, kwa kufuata rangi. Mwenye amplifaya ya HDMI atumie HDMI. Mwenye kompyuta mpakato na sabufa ya 2.1 anahitaji waya mmoja tu wa jeki, na hana sababu ya kununua kitu kingine.

Ukumbini. Hapa tunapenda kusema wazi: sauti ya mzunguko mara nyingi haina faida katika ukumbi wa parokia. Watu mia mbili hawawezi wote kukaa katikati ya spika. Wale wa nyuma watasikia milio ya spika za nyuma ikiyafunika maneno ya mbele, na wale wa pembeni watasikia upande mmoja tu. Ni afadhali kupanga kompyuta itoe sauti ya spika mbili, kuipeleka katika mikisa, na kutumia spika mbili zenye nguvu zilizoinuliwa juu ya vichwa vya watu, moja kila upande wa picha. Ikiwa mikisa iko karibu na kompyuta, jeki au USB inatosha. Ikiwa mikisa iko mbali, tumia kisanduku ambacho mafundi hukiita DI karibu na kompyuta, kisha waya wa XLR hadi kwenye mikisa.

Kanisani. Kanisa ni mahali pa sauti hai. Makanisa makubwa yaliyojengwa tangu enzi za wamisionari wa Roho Mtakatifu, walioingia Kilema mwaka 1890, yana kuta ngumu na dari za juu, nayo hurudisha mwangwi. Kuongeza spika pande zote huongeza mwangwi. Kinachohitajika ni sauti moja, iliyo wazi, inayotoka upande wa ambo na altare. Pale jengo linapokuwa refu na spika za ziada zikawekwa katikati au nyuma, dijitali inatoa msaada wa kweli. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 34 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, lakini katika waya hufika papo hapo. Aliye nyuma husikia kwanza spika iliyo jirani naye, kisha ile ya mbele, na maneno hugongana. Mikisa ya dijitali inaweza kuzichelewesha spika za nyuma kwa takriban sehemu 3 za elfu za sekunde kwa kila mita ya umbali, ili sauti mbili zifike pamoja. Hali kadhalika wakati wa Noeli, ndugu zetu wanapopanda kutoka mijini na umati ukasimama nje ya milango, spika za uani zinahitaji mpangilio huohuo.

Tunafahamu pia kwamba msimu huo ndio wa zawadi. Mtu mwema huleta seti ya 5.1 kutoka Dar es Salaam au Arusha kwa ajili ya kanisa. Apokewe kwa shukrani, na seti hiyo ipewe kazi inayoiweza: chumba cha katekesi, cha Utoto Mtakatifu au cha mikutano ya vijana. Spika zilizotengenezwa kwa ajili ya sebule zikilazimishwa kujaza kanisa zima huungua mapema, na zawadi hugeuka kuwa lawama.

Matatizo ya kawaida na tiba zake

Muziki unasikika, maneno yanapotea. Mbali na sababu ya spika ya katikati tuliyokwisha kuitaja, kuna sababu nyingine inayosumbua parokia nyingi. Mtu huchukua waya wenye jeki ya kushoto na kulia kutoka kwenye kompyuta na kuuchomeka katika tundu moja la mikisa linalopima tofauti ya nyuzi mbili. Kwa kuwa maneno ya msemaji yako sawa kushoto na kulia, mikisa huyafuta kana kwamba ni kelele, na kubakiza mabaki ya muziki. Tiba ni waya unaogawanyika kuwa plagi mbili, kila moja katika tundu lake la mikisa.

Mngurumo mzito usiokoma. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mngurumo huo ndio unaosikika pale kompyuta na mikisa zinapochomekwa katika soketi mbalimbali na kukutana tena kupitia waya wa sauti. Ili kuhakikisha, ichomoe chaja ya kompyuta. Ikiwa mngurumo unakoma kompyuta inapotumia betri, chanzo kimejulikana. Chomekeni vifaa vyote katika soketi moja ya ukutani kwa kutumia kebo ya upanuzi yenye ubora. Au tumieni kisanduku cha DI. Au, kama vifaa vinaruhusu, tumieni waya wa mwanga wa TOSLINK, ambao haupitishi umeme na hivyo hukata mzunguko huo kabisa.

Hapa tunatoa onyo la dhati. Wapo wanaoondoa mngurumo kwa kukata pini ya ethi, yaani ile inayopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Mngurumo huondoka kweli, lakini siku hitilafu itakapotokea, umeme utatafuta njia nyingine, nayo inaweza kuwa mkono wa msomaji au mwanakwaya aliyeshika kipaza sauti. Hakuna ukimya wa spika unaolingana na uhai wa mtu. Paroko na walei wasiruhusu jambo hili hata mara moja.

Radi na umeme unaoyumba. Katika majira ya masika, vifaa vyote vichomolewe baada ya matumizi, pamoja na nyaya ndefu zinazotoka nje ya jengo. Penye jenereta, iwashwe na kutulia kwanza, ndipo vifaa viwashwe. Amplifaya huwashwa mwisho na huzimwa kwanza, ili spika zisipate mshindo.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Kanisa halijawahi kuviogopa vyombo hivi. Papa Pio wa Kumi na Moja alizindua Radio Vatikani tarehe 12 Februari 1931, mitambo yake ikiwa imejengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, siku moja, tarehe 4 Desemba 1963, ulitangaza Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu, Sacrosanctum Concilium, na Dikrii juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica. Ya kwanza inadai ushiriki kamili wa waamini wenye ufahamu na utendaji. Ya pili inavihesabu vyombo hivyo kuwa miongoni mwa zawadi zinazopaswa kutumiwa kwa wema.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, katika namba 311, yanaagiza kwamba waamini waweze kumwona padri, shemasi na wasomaji, na pia kuwasikia bila taabu kwa msaada wa vyombo vya kisasa. Kwa upande mwingine, Instruksio ya tarehe 3 Septemba 1958 juu ya muziki mtakatifu iliweka mpaka: spika zinaruhusiwa kukuza sauti hai ya mhudumu, lakini mashine haziruhusiwi kuimba badala ya watu katika maadhimisho ya liturujia. Kwa hiyo kompyuta iliyounganishwa vema bado haichukui nafasi ya kwaya. Nyimbo zilizorekodiwa ziwe za mazoezi, za katekesi na za sherehe za ukumbini. Katika Misa Takatifu, waimbe watu wa Mungu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

Tunapendekeza Halmashauri ya Walei ijibu maswali haya kwa maandishi, kabla ya kutuma mtu Moshi mjini:

1. Vifaa ni vya mahali gani: sebule, darasa, ukumbi au kanisa?
2. Je, kusudi ni maneno kusikika, au ni filamu kuwa na milio ya pande zote?
3. Kompyuta tuliyo nayo ina matundu gani? Mikisa au amplifaya yetu ina matundu gani? Tundu lisilo na mwenzake halina faida.
4. Kutoka kompyuta hadi mikisa ni mita ngapi?
5. Nani katika parokia atafundishwa kuvitumia, na nani atamrithi akihama?
6. Waya ukikatika Jumamosi jioni, tutapata mwingine Mkuu, au lazima tusubiri Jumatatu?

Swali la mwisho lisidharauliwe. Waya wa jeki hupatikana dukani karibu kila mahali. Waya wa TOSLINK haupatikani kirahisi hivyo. Kifaa kinachoweza kutengenezwa hapa kwetu mara nyingi kina thamani kuliko kile kilicho bora katika karatasi. Kabla ya kulipa, mmoja akae benchi la mwisho, na mwingine asome Injili kwa sauti ya kawaida kupitia vifaa hivyo. Aliye nyuma aandike alichosikia. Mtihani huu haugharimu kitu, na unasema mengi kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Hitimisho

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya nane, kuhani Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao lililotengenezwa kwa ajili hiyo, akasoma Sheria mbele ya mkutano wote, na Walawi wakawasaidia watu kuelewa kilichosomwa. Jukwaa lile lilikuwa teknolojia ya siku zao, na watu walilia na kisha kufurahi kwa sababu ya maneno waliyoyasikia. Jeki, HDMI, USB na spika ni mbao zetu. Tuzichague kwa akili na tuzitunze kwa uaminifu, ili mama mzee aliyekaa karibu na mlango asikie kila neno sawasawa na aliyekaa mbele ya ambo.

Mungu awabariki.